Saa ya Kusasisha Kompyuta ya Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiiguse kompyuta. Ilikuwa moja tu hospitali nzima, imewekwa ofisini kwa msimamizi juu ya meza yake peke yake, imefunikwa kitambaa cha maua kilichodariziwa na mkewe. Mimi niliajiriwa kupiga taipu. Nilitoka kwetu Shella, Malindi, na buibui jipya na viatu vilivyonibana, nikakabidhiwa mashine ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa imevunjika. Jaribuni kuandika barua ya Kiswahili bila "a", mtajua subira ni kitu gani.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoketi sasa katika chumba changu cha zamani, chenye feni inayozunguka ikipenda. Jina la hospitali sitalitaja. Iko baina ya Kilifi na Malindi, na anayeijua hana haja ya kuambiwa. Vyeo na mishahara pia nitaviruka, maana vyangu vilipanda polepole hata mimi mwenyewe sikusikia vikipita.

Kila mwezi alikuja fundi kutoka Mtwapa, Bwana Mutiso, Mkamba wa Machakos aliyeletwa pwani kwa wiki mbili kutengeneza taipureta, akakaa miaka thelathini. Kiswahili chake kilikuwa cha bara. "Hii mashine iko na shida," alisema siku ya kwanza akiitazama ile taipureta yangu.

"Ina shida," nikamsahihisha. Nilikuwa msichana mwenye mdomo.

"Iko na shida ama ina shida," akajibu akifungua mkoba wake, "shida ni ile ile."

Siku moja kompyuta ya msimamizi ilikataa kuwaka. Bwana Mutiso hakuifungua. Alivuta kiti, akamuuliza msimamizi maswali kama daktari: ilizima ukifanya nini, ulisikia sauti gani, kulikuwa na harufu? Alipomaliza kuuliza ndipo akatoa bisibisi. Ndani tulimkuta mjusi kafiri amekauka juu ya sehemu inayoingiza umeme, na pembeni yake mayai mawili.

"Alikuwa anatafuta joto," akasema. Kisha akanipa brashi. "Wewe uko na mkono mwepesi. Safisha." Msimamizi akafungua mdomo kupinga, Bwana Mutiso akamtazama, ukafungika. Kuanzia siku hiyo niliigusa kompyuta.

Kwake yeye nilijifunza vitu ambavyo hamtavikuta katika kozi zenu. Nilijifunza kwamba hewa ya bahari hula shaba, kwa hiyo kompyuta ya huku ikigoma, kwanza chomoa vile vijiti vya kumbukumbu, mnavyoviita RAM, uyasugue meno yake kwa kifutio cha mtoto wa shule, kile cha rangi ya waridi, wala si cha wino. Nilijifunza kuzungushia utepe mpini wa bisibisi ili jasho lisiufanye uteleze. Na nilijifunza kuweka daftari la kila mashine: imefunguliwa lini, imelalamika nini, imefanyiwa nini. "Mashine bila daftari," alikuwa akisema, "ni mgonjwa bila kadi."

Miaka ikaenda, kompyuta zikaongezeka hadi kumi na moja, na mimi nikatoka kwenye taipu nikawa fundi wa hospitali. Ikaja intaneti kwa modemu moja ndogo, na pamoja nayo yakaja masasisho, ambayo nyinyi mwayaita apdeti. Kwa asiyejua: walioutengeneza mfumo wa kompyuta wakigundua tundu ambalo virusi vinaweza kupenya, hutuma kiraka cha kuliziba, na kompyuta hukifuata yenyewe huko kwenye intaneti. Ni jambo zuri. Ila kompyuta zangu kumi na moja zilikuwa na tabia ya kufuata viraka vyao zote kwa wakati mmoja, kupitia modemu ile ile moja, na saa yenyewe ilikuwa ile ambayo foleni imefika getini.

Safari, karani wa mapokezi, akaja mbio chumbani kwangu. "Bi Rukia, imeganda tena! Kuna mama pale amebeba mtoto ana homa, na mimi hata jina lake sijaweza kuliandika."

Nikapita mashine moja baada ya nyingine nikayazima masasisho yote. Ilinichukua nusu siku. Intaneti ikawa nyepesi, foleni ikatembea, na watu wakanishukuru. Sista Kadzo, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, aliniletea pakiti ya korosho zilizokaangwa kwao. Nilizila nikijiona mtu wa maana sana.

Bwana Mutiso alipokuja mwezi huo nilimwonyesha. Alisoma daftari, akakuna kidevu.

"Umefunga mlango," akasema. "Sawa. Lakini fundi naye atapitia wapi?"

"Fundi ni mimi, Mwalimu."

"Wewe hujui shimo iko wapi. Wale ndio wanajua."

"Shimo liko wapi," nikamsahihisha. Hilo ndilo jibu nililompa, na kwa miaka miwili sikuwa na jingine.

Virusi vilikuja siku ya Alhamisi, ndani ya flashi ya Safari. Dada yake alikuwa ameolewa, naye akaleta picha za arusi ili wenzake wazione wakati wa chai. Kufikia adhuhuri kompyuta tatu zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, ila kila faili ulilofungua lilikuwa limejaa alama zisizosomeka. Moja ya hizo tatu ilikuwa ya wodi ya wazazi.

Humo ndani mlikuwa na orodha ya Sista Kadzo. Kwa miaka minne alikuwa ameandika kila mama mjamzito aliyehitaji kuangaliwa kwa jicho la pili: aliyewahi kupasuliwa, mwenye presha, mwenye pacha, mwenye damu ya kundi adimu, pamoja na kijiji chake na mwezi wa kujifungua. Nakala ya akiba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeihifadhi katika mashine ile ile. Msicheke.

Usiku ule na siku iliyofuata nilijaribu kila nilichokijua, na katika kujaribu nikagundua jambo ambalo ningependa nisiligundue. Tundu lililopitisha virusi vile lilikuwa limekwisha kuzibwa na wenye mfumo. Kiraka chake kilikuwa kimetumwa miezi mitatu nyuma. Kompyuta zetu hazikukipata kwa sababu mimi nilizikataza.

Wakati huo huo Safari alikwisha kuandikiwa barua ya kujieleza, na sote tulijua barua ya pili ingesema nini. Alikuwa anakaa pale mapokezi, anaandika majina ya wagonjwa kwa mkono.

Jumamosi nilikwenda Mtwapa. Bwana Mutiso alikuwa ameacha kazi mwaka huo kwa sababu ya miguu, akiishi katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka, na taipureta mbili mezani alizokuwa akizitengeneza kwa kujifurahisha tu. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo kiraka ilitoka lini?"

"Miezi mitatu nyuma."

"Safari anajua?"

"Hajui."

"Kadzo?"

Nikageukia dirishani. Nje mtu alikuwa anapiga honi, akapiga tena.

"Basi haukukuja kuniuliza mambo ya kompyuta," akasema Bwana Mutiso.

Siku hiyo sikumsahihisha Kiswahili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa msimamizi kabla hajakunywa chai. Nilisimama, ingawa alinionyesha kiti. Nikamwambia, "Flashi ya Safari ndiyo iliyoleta virusi, lakini mlango niliuacha wazi mimi. Masasisho niliyazima mwenyewe, miaka miwili sasa. Yangekuwa yanafanya kazi, picha za arusi zingebaki kuwa picha za arusi."

Alikisogeza kando kikombe chake. "Mbona waniambia sasa? Barua ya Safari imeshaandikwa."

"Kwa sababu imeandikwa jina lisilo lake, bwana."

Barua ya Safari ikarudishwa, nikaandikiwa yangu. Ninayo mpaka leo. Imeandikwa vizuri, ila tarehe wamekosea. Msimamizi hakuwa mgumu. Mgumu alikuwa Sista Kadzo. Nilimkuta akikunja mashuka ya wodi, nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Alikunja shuka moja, akakunja la pili, akalinyoosha kwa kiganja.

"Rukia," akasema, "ile unaiita orodha. Mimi wale ni watu."

"Najua, Sista."

"Hujui. Lakini utajua. Kesho vaa viatu vya kutembea."

Kwa wiki tatu nilifuatana naye na wahudumu wa afya wa vijijini, tukienda nyumba kwa nyumba kuikusanya upya orodha kutoka kwa wenyewe. Sikuwa nimewahi kufika katika nyumba za wagonjwa wetu. Nilikuwa nawajua kwa namba. Sasa niliketi kwenye vigoda nikapewa maji ya kunywa, nikanakili kutoka katika vitabu vya kliniki vilivyohifadhiwa chini ya magodoro, ndani ya mitungi, na kimoja ndani ya redio isiyofanya kazi. Sista Kadzo alizungumza nao Kigiriama, mimi nikiandika, na kila jina alilolipata alikuwa akitoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Huko Tezo tulimkuta Sidi akipalilia mihogo na mimba ya miezi saba. Kitabu chake cha kliniki kilikuwa kimeliwa na mchwa. Alituletea jalada na robo ya ukurasa. Sista Kadzo alimkumbuka kwa sura. Pacha, na damu ya kundi O hasi, ambayo ni watu wachache mno walio nayo.

"Mimi niliambiwa nina damu mbaya," Sidi alisema, macho chini.

"Si mbaya, mwanangu. Ni chache tu."

Mama mkwe wake alikuwa ametoka ndani. Alitukaribisha kwa adabu, kisha akasema watoto wote wa nyumba ile walizaliwa pale pale, na hawa pia watazaliwa pale. Sista Kadzo hakubishana naye. Alimuuliza habari za shamba, habari za mbuzi, habari za mguu wake unaomuuma. Wakaongea muda mrefu, na mimi nikiambulia neno moja moja. Tulipoondoka, mama mkwe alikuwa amekubali mwezi wa mwisho Sidi aje kukaa karibu na hospitali, kwa jamaa zao. "Umemwambia nini?" niliuliza njiani.

"Nimemwambia kwamba nikikosa kulala nitakuwa namfikiria yeye. Hakupenda kufikiriwa na mtu asiyelala."

Orodha ikakamilika, au tuseme ikafika pale ilipoweza kufika. Niliiingiza kwenye kompyuta, na nakala ya akiba nikaiweka mbali safari hii. Sista Kadzo aliandika yake kwa kalamu, pamoja na majina na simu za watu watatu waliojitolea kutoa damu ya kundi lile adimu, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake. "Kompyuta yako nimeiandikia," akaniambia. "Lakini na kabati langu pia."

Sasa njooni kwenye kosa langu la pili, maana la kwanza kila mtu hulifanya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliyafungua masasisho kwenye mashine zote kumi na moja, kila kitu kijiendee chenyewe: kuteremsha, kusakinisha, kuzima na kuwaka upya. Saa sikuzigusa. Niliziacha kama zilivyotoka kiwandani, na huko kiwandani hakuna aliyejua kwamba Jumanne saa nne asubuhi ndiyo kliniki yetu ya wajawazito. Nilipomaliza nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

Jumanne moja, saa nne na dakika chache, simu ya mezani kwangu ililia.

"Rukia, njoo maabara. Kimbia."

Sijawahi kumsikia Sista Kadzo akisema neno hilo kwa mtu yeyote. Nilikimbia. Kwenye maabara, kompyuta ilikuwa na skrini ya buluu tupu na maandishi meupe katikati: mfumo unasasishwa, usizime kompyuta, asilimia thelathini. Mtu wa maabara alikuwa amesimama mbele yake mikono kichwani.

Sidi alikuwa amejifungua pacha wake salama asubuhi ile, wasichana wawili. Kisha damu ikakataa kusimama. Kwenye friji ya maabara kulikuwa na pakiti moja tu ya kundi lake, nayo ilikwisha kuchukuliwa mbio. Majina ya wale waliojitolea kutoa damu yalikuwa ndani ya kompyuta ile. Na kompyuta ya wodi ya wazazi, ambayo nayo ilikuwa na majina hayo hayo, ilikuwa asilimia ishirini na nane.

Mkono wangu ulikwenda kwenye waya wa umeme. Nawaambieni ukweli, niliushika. Lakini nilijua kwamba kompyuta ikikatwa umeme katikati ya kazi ile huenda isiamke tena siku hiyo, wala wiki hiyo. Asilimia thelathini. Thelathini. Thelathini na moja.

Sista Kadzo aliingia, aproni yake ina damu. "Itachukua muda gani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Sista."

Aligeuka akatoka. Nilidhani amekata tamaa na mimi. Alirudi na karatasi aliyoibandua kwenye mlango wa kabati, gundi bado ikining'inia, akaniwekea mkononi. "Wewe piga simu. Mimi narudi kwa Sidi."

Wa kwanza simu yake ilikuwa imezimwa. Wa pili alipokea, akasema yuko Nairobi, akaanza kunipa pole, nikamkatia. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko huko Tezo.

"Niko darasani, dada. Nikupigie baadaye?"

"Mwalimu, nakupigia kutoka hospitali. Kuna mama amejifungua, anavuja damu. Damu yake ni kama yako."

Nilisikia watoto wakisoma kwa pamoja nyuma yake, halafu sauti zikakatika ghafla. Bila shaka aliinua mkono. "Niko njiani," akasema.

Dereva wa ambulansi alimkuta barabarani akitembea kwa haraka. Aliingia maabara na vumbi la chaki mikononi, akajilaza bila kuuliza chochote isipokuwa, "Upande gani, kulia au kushoto?" Damu yake ikapimwa kwa vile vipimo vya haraka, ikapelekwa. Ile pakiti ya kwanza ndiyo iliyomshikilia Sidi hadi hii ikafika. Karibu wakati huo huo kompyuta ya maabara iliwaka, ikaandika "Karibu" kwa herufi kubwa, kana kwamba yenyewe ndiyo mgeni aliyekuwa akingojewa.

Sidi alipona. Alasiri ile nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, nikapanga kichwani namna nitakavyoanza tena, mashine moja baada ya nyingine, kuyazima yote. Sista Kadzo akatoka, akaketi kando yangu, akavua viatu.

"Usiyazime," akasema.

"Nisizime nini?"

"Hayo masasisho yako. Nakuona unavyofikiri. Ukiyazima yatatukuta mengine. Usiyazime, Rukia. Yafundishe adabu."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka yangu yote iliyobakia, na kama mnataka kujua utaratibu mlioukuta ulitoka wapi, ulitoka kwenye benchi lile. Nilichukua daftari nikazunguka kila idara na swali moja: saa gani huna mtu mbele yako? Wahasibu walinijibu upesi. Mapokezi walisema saa saba hadi saa nane, isipokuwa Jumatatu. Duka la dawa walisema baada ya swala ya alasiri hupungua. Maabara walibishana wenyewe kwa wenyewe siku mbili, nikawaacha.

Sista Kadzo nilimwacha mwisho. "Saa gani wodi yako inatulia?"

Alicheka. "Watoto hawana saa."

"Lazima kuwe na saa, Sista."

"Basi wewe keti hapa uitafute."

Nilikaa wodini wiki nzima na daftari langu, nikiandika. Saa hiyo haipo. Nikarudi kwa msimamizi nikamwambia wodi ya wazazi inahitaji kompyuta mbili, na maabara vile vile, ili moja ikijisasisha nyingine iwe macho. Alisema nitapewa moja. Nikasema basi nitakaa ofisini kwake kila Jumanne saa nne tuone pamoja ni ipi italala. Tukapata mbili.

Ndiyo maana mlikuta mambo vile mlivyoyakuta. Viraka vya usalama huingia vyenyewe, havingojei ruhusa ya mtu, kwa sababu virusi navyo havingojei. Lakini huteremka mashine moja moja, si zote kwa mkupuo. Hufika kwanza kwenye kompyuta yangu, ile kuukuu ya pembeni, nikaishi navyo siku kadhaa, na kikiharibika kitu kiharibike kwangu. Kisha huenda ofisi, mapokezi, mwisho kabisa maabara na wazazi, kwa zamu. Kila mashine ina saa zake za kazi zilizoandikwa ndani ya mipangilio, na katika saa hizo haina ruhusa ya kujizima. Yale masasisho makubwa yanayobadilisha mfumo mzima hayajiendeshi: hufanywa kwa mkono, mtu akiwa amekaa hapo, nakala ya akiba imepelekwa nje ya jengo na betri ya akiba imejaa, maana stima ya huku mwaijua. Na anayetumia ile kompyuta huambiwa siku moja kabla, kwa mdomo. Barua pepe hawasomi.

Nilifundishwa na hao hao niliowahudumia. Safari, ambaye angeweza kunichukia maisha yake yote, akawa mlinzi mkali kuliko mimi: akiona flashi ya mtu aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaniletea niikague. Wakati wa kazi kubwa ya kubadilisha mfumo yeye ndiye aliyekuwa akipita kuwaambia watu, "Bi Rukia amesema kesho, na akisema kesho ni kesho." Bwana Mutiso alirudi kwao Machakos, na tulizungumza kwa simu mara nyingi. Nilimweleza ule utaratibu wote, kwa urefu. "Hiyo sasa ni kazi," akasema, na kwa Bwana Mutiso hayo yalikuwa mahubiri marefu.

Sidi aliwaleta wasichana wake chanjo baada ya chanjo. Siku moja nilikuwa wodini nimepiga magoti nyuma ya meza nikisafisha mavumbi, akaniona, akaionyesha mashine kwa kidevu.

"Ndiyo hii iliyolala?"

"Ndiyo hii."

Akaitazama kwa makini. "Siku hizi hailali?"

"Hulala. Lakini huomba ruhusa kwanza, na mwenzake hubaki macho."

"Kama mimi na baba yao," akasema, akamhamisha mmoja kutoka bega hili hadi lile, akaenda zake.

Niliifurahia miaka ile. Sikuwa mtu wa kusifiwa, na ufundi wenyewe ni wa namna hiyo: ukiufanya vibaya kila mtu anakujua jina, ukiufanya vizuri watu husahau kuna chumba chenye feni mwisho wa ukumbi. Sista Kadzo alistaafu kabla yangu akaenda kulima korosho. Mimi niliondoka mwaka huu. Mlinipa keki, mkanipa kanga mbili nzuri, na hotuba zenu zilikuwa fupi, jambo nililolishukuru kuliko keki. Funguo na madaftari nilimkabidhi Dama, ambaye amekuwa nami miaka sita na ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Wiki ya kwanza nyumbani nilikuwa najua kitu kimoja ambacho nilijilazimisha nisikitaje kwa mtu. Jumanne ile ilikuwa zamu ya wodi ya wazazi na maabara kupokea viraka vya usalama. Niliamka alfajiri, nikaswali, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa. Saa tatu niliweka simu juu ya meza, uso wake juu. Saa nne ikafika. Dada yangu aliniuliza nasubiri simu ya nani, nikamwambia simsubiri mtu. Saa nne na nusu nikajipikia chai. Saa tano simu ilikuwa bado kimya, nikaiinua nikampigia Dama.

"Shikamoo, Bi Rukia," Dama akajibu. Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga akilia, na mtu akicheka.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko leo?"

"Nzuri tu. Tumeshiba watoto, wamezaliwa wanne tangu asubuhi."

"Na kompyuta?"

Akavuta sauti kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Ziko sawa. Kwani leo kulikuwa na nini?"

Nikaegemea kiti, chai ikiwa bado ya moto mkononi. "Hapakuwa na kitu," nikamwambia. "Nilitaka kukusalimu tu."